Yule Mama wa Sehemu ya Sita

Ukiitazama tamthilia ya Majani Mawili, sehemu ya sita, usizime televisheni mapema. Subiri maandishi ya mwisho yapite. Baada ya watu wa taa na watu wa vipodozi, kabla ya shukrani kwa wakulima wa Sotik, utasoma: Mshauri wa Lugha na Mila, Masese Omariba. Jina linapita mbio, lakini limo. Nililipigania hilo jina. Walitaka kuandika "wenyeji wa eneo hili", nikakataa, nikawaambia wenyeji wa eneo hili hawakunyeshewa siku kumi na nne wakimfundisha jasusi kuchuma chai. Leo natamani wangenipuuza.

Lakini habari hii si yangu. Ni ya Mama Kimutai, na mimi nimeingia humo kwa sababu ya kosa langu tu.

Mama Kimutai, ambaye kanisani huitwa Loice, anakaa kwenye mteremko ulio juu ya kituo cha kununulia chai ambapo mimi ni karani, kati ya Sotik na Kaplong. Amepita miaka sitini. Ana shamba dogo la chai, ng'ombe watatu wa maziwa na ulimi ambao hata chifu anauogopa. Anachuma kwa mikono miwili huku akitazama pembeni, na kwenye kikapu chake hutapata jani lililokomaa. Nilijaribu mara moja kumwambia nimeliona moja, akamwaga kikapu kizima mezani mbele ya foleni, akasema nilitafute. Sikulipata. Foleni ilisimama nusu saa, na mpaka leo wapo wanaoniuliza kama nimeshalipata.

Ng'ombe wake huwasemesha Kikipsigis, na Mungu humsemesha Kiswahili, kwa kuwa Biblia ya kwanza aliyopewa ilikuwa ya Kiswahili. Katika kanisa lake hukaa benchi ya pili, upande wa dirisha. Ila ikifika Jumapili ya meza ya Bwana, mkate unapoanza kupita, yeye huinuka akatoka. Husema ng'ombe wanamngoja. Mimi husali Jumamosi, kanisa la wazazi wangu, kwa hiyo hayo niliyasikia kwa watu tu, nikadhani ni magoti yake hayawezi ibada ndefu. Sikuwahi kumuuliza, na hilo nalo ni kosa.

Wazazi wangu walitoka upande wa Kisii wakanunua shamba linalopakana na lake kabla sijazaliwa. Mama yangu na Mama Kimutai walichuma chai pamoja, na mimi niliachwa jikoni kwa Mama Kimutai pamoja na kifungua mimba wake, Kipchoge. Tulizaliwa mwaka mmoja. Tulilala kwenye ngozi moja mchana, tukala kwenye sufuria moja. Tukiwa na miaka saba Kipchoge alishikwa na homa, akafariki ndani ya siku tatu. Baada ya mazishi hakuna aliyelitaja jina lake tena katika boma lile. Kimutai, mdogo wake, alikuwa bado ananyonya, na watu wakaanza kumwita mama yao Mama Kimutai, kana kwamba hakukuwa na mwingine kabla yake.

Mimi nilidhani sitaitwa tena jikoni. Kesho yake tu nikasikia, "Lakwet, njoo ule." Lakwet ni mtoto. Ulimi wetu wa Kigusii hauna l, kama wake unavyochanganya b na p, d na t, nami nilikuwa nasema "rakwet", na yeye alinirudisha kwenye neno hilo mpaka likanyooka. Kikipsigis chote nilichonacho nimekipata pale, penye moshi, kati yake na dada zake wawili waliokuja kumsaidia kazi. Nilikipata vizuri, isipokuwa pahali pamoja. Wakipsigis wa zamani wana salamu mbili. Mwanamume husalimiwa "Subai", naye hujibu "Epa". Mwanamke husalimiwa "Takwenya", naye hujibu "Igo". Mimi nilikulia kwenye "Takwenya" na "Igo" kuanzia asubuhi hadi jioni. Ile ya wanaume niliijua kwa kuisikia kwa mbali tu, na nilipokua, wanaume walinisalimia kwa Kiswahili kwa kuwa walijua mimi ni wa kwa Omariba. Hakuna aliyepata nafasi ya kunirekebisha.

Januari ya mwaka ule wa vurugu za uchaguzi, Wakisii walipofukuzwa upande wetu, wazazi wangu walikimbilia Kisii kwa lori. Mimi nilikuwa Kaplong kumwangalia mgonjwa, nikarudi nikakuta nyumba yetu imeungua. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Mama Kimutai alinitoa kwenye chai nilikojificha, akanivika koti la marehemu mumewe, akaniambia tutembee hadi mpakani mwa Kisii na nisifungue mdomo. Kimutai alikuwa chuoni Eldoret. Tulikuwa sisi wawili tu.

Kwenye daraja tulikuta kizuizi. Walikuwa vijana kama kumi, si wa kwetu, na mzee mmoja. Yule mzee hakuuliza kitambulisho. Alinitazama usoni akasema, "Subai."

Nilikuwa nalijua jibu. Naapa nilikuwa nalijua. Lakini hofu ikiingia, mdomo hurudi kwa kile ulichojifunza kwanza, na wangu ukasema, "Igo."

Wawili walicheka. Wengine hawakucheka. Mwanamume mzima amejibu salamu ya wanawake. Maana yake Kikipsigis hiki amekiokota mahali. Mmoja alinishika kola. Hapo Mama Kimutai akaingia katikati, akaweka mkono kifuani pake, akasema kwa Kikipsigis, "Huyu ni Kipchoge, kifungua mimba wangu. Nimemlea jikoni peke yangu, ndiyo maana anajibu kama msichana. Titi hili ndilo lililomnyonyesha. Kama nasema uongo, nisimwone Kipchoge wangu tena."

Kwetu mama hachezi na maneno ya namna hiyo. Yule mzee aliniachilia papo hapo, hata akaomba radhi. Wao walielewa kwamba ameapa kwa mtoto aliye hai mbele yao. Mimi nilielewa tulipofika ng'ambo ya daraja, nikasimama nikamgeukia. Mtoto aliyeapa kwamba asimwone tena ni yule aliyeko kaburini, ambaye mama yeyote Mkristo hungoja kumwona.

Alipoona nimeelewa, alisema neno moja tu. "Hii ikae hapa." Nikamwahidi. Nililia nikamwahidi, na nikavuka. Nilirudi baada ya miaka miwili, nikajenga, nikaoa, nikapata kazi ya ukarani. Hatukulizungumza tena. Wakati wa Krismasi nilimpelekea sukari na unga wa ngano kama jirani yeyote mwema.

Sasa nije kwenye majasusi.

Majani Mawili inamhusu afisa wa ujasusi anayetumwa kwenye kituo cha chai ajifanye karani, kwa sababu kuna mtu anayepitisha siri za serikali ndani ya magunia ya majani mabichi. Jasusi huyo anaitwa Chipukizi. Bosi wake wa Nairobi anaitwa Shangazi, uso wake hauonekani mpaka sehemu ya nane, na hutuma maagizo kupitia matangazo ya vifo redioni. Msaliti anayetafutwa anaitwa Mizani. Wakulima wote waliniuliza kama huyo Mizani ni mimi, kwa vile siku zote wanaamini mizani yangu inawaibia kilo.

Walikuja mwezi wa tatu mwaka jana, malori mawili na mahema, wakatumia kituo changu siku ambazo gari la kiwanda halipiti. Mimi walinichukua niwaonyeshe kazi. Na kazi ilikuwepo. Aliyeigiza Chipukizi, kijana wa Nairobi aitwaye Benard, alikuja na gambuti mpya zinazong'aa. Nikamwamuru azitembeze kwenye zizi la ng'ombe kwanza. Wachumaji wao waliotoka nao mjini walikuwa wanang'oa chai kwa ngumi, majani, matawi na yote. Wanawake wa kwetu walijipanga kwenye ua wakacheka mpaka dairekta akasimamisha kamera, akawafukuza wa mjini akachukua wa uani. Halafu siku waliyotaka mvua, mvua ya kwetu, inayonyesha kila alasiri bila kuombwa, iligoma. Walileta lori la maji kutoka Sotik wamwagie mashamba yetu maji juu. Nimeyaona hayo kwa macho yangu.

Mama Kimutai naye aliwekwa kati ya wachumaji. Alitoka baada ya picha moja, kwa kuwa alimgeukia Benard katikati ya maneno yake akamuuliza, "Mama yako anajua kazi yako ni kutanganya watu?"

Benard akacheka. "Anajua, mathe. Hata anajivunia sana."

"Pasi ni sawa," akasema Mama Kimutai, akarudi kwa ng'ombe wake.

Siku ya kumi tulikaa hemani, mimi, Benard na mwandishi wao, dada mmoja mwerevu aitwaye Metrine. Kulikuwa na sini inayomsumbua. Chipukizi anasimamishwa na genge kwenye daraja, anatoa kitambulisho bandia, anapita.

"Hii sini imelala," Metrine alisema. "Masese, huku kwenu, mtu akijifanya Mkipsigis na si Mkipsigis, ni nini itamshika?"

"Kitambulisho haiwezi kumshika," nikasema. "Ni salamu."

Nikawaeleza Subai na Epa, Takwenya na Igo, na mtu aliyejifunza lugha jikoni. Metrine aliacha kalamu. Benard aliweka simu chini. Mtu wa kamera akasogea karibu. Niseme ukweli: sijawahi kusikilizwa hivyo maishani. Pale kituoni watu hunisikiliza ili wapate pa kubishia. Hawa walikuwa wananitazama kama mtu mwenye kitu, na mimi nikapenda. Nilipenda kuliko nilivyompenda mama yule, kwa dakika zile. Hilo ndilo ninaloamka nalo.

"Na akishajibu vibaya, anatoka aje hapo?" Metrine akauliza.

Ningesema anakimbia. Ningesema anapigana, Benard alikuwa anatafuta tu pa kurusha teke. Nikasema, "Kuna mama anatokea."

Nikatoa yote. Mkono kifuani, jikoni, titi, kiapo. Nilisema yalimpata mtu ninayemjua. Metrine aliandika neno kwa neno. Akauliza, "Huyo kijana anaitwa nani?" na kwa vile nilikuwa nimeshaingia ndani ya habari yenyewe, mdomo ukasema Kipchoge. Ndipo akauliza, "Na mama?"

Hapo ndipo nilipokumbuka ahadi. Nikajiona mjanja. Nikasema, "Huyo mwite tu Jirani." Niliinuka nikiwa nimeridhika, nikidhani nimeitunza siri.

Kesho yake mshona nguo wao akalalamika kwamba mavazi ya yule mwigizaji mkubwa atakayekuwa Mama Jirani bado yananukia duka. Nilipanda mteremko nikamwomba Mama Kimutai sweta yake ya kijani, ile yenye kiraka cha kahawia kwenye kiwiko. Hakuuliza ni ya nini. "Irudi na vifungo yake," akasema tu. Siku waliyopiga picha ya daraja alikuwa Kaplong hospitalini kuangaliwa macho. Mimi nilikuwepo. Yule mwigizaji alikisema kile kiapo kwa Kiswahili mara moja tu, dairekta akafuta machozi, watu wote wakapiga makofi, na mimi nikapiga nao.

Sehemu ya sita ilirudiwa Jumapili moja saa tisa alasiri. Nilialika kijiji. Mke wangu Mongina alipika chai ya birika tatu, watu wakajaa hadi mlangoni, na Mama Kimutai nikamweka kwenye kiti changu mwenyewe, mbele kabisa. Nikawaambia watu, "Mpisheni jirani yangu." Nayakumbuka maneno hayo. Kimutai alisimama karibu na mlango akiwa amembeba mwanawe, na mkewe aliketi sakafuni kando ya Mama Kimutai.

Mwanzoni Mama Kimutai alifurahi. Aliiona sweta kabla ya mtu mwingine. "Ni yangu hiyo," akawaambia walio nyuma. "Angalieni kiraka." Watu wakacheka, wakampongeza kwamba sweta yake imeingia kwa TV kabla yake.

Halafu yule mzee wa genge akamtazama Benard, akasema, "Subai."

"Igo," akajibu Benard.

Nyumba iliangua kicheko. Wanaume walipigana mabega. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilikuwa nautazama mkono wa Mama Kimutai uliokuwa umeshika kikombe, na ule mkono ulisimama nusu ya njia. Yule mama wa televisheni akajitokeza, amenyooka, muziki ukapanda, akaweka mkono juu ya sweta ya kijani. "Huyu ni Kipchoge, kifungua mimba wangu." Akayasema yote. Akamaliza, "Kama nasema uongo, nisimwone Kipchoge wangu tena."

Vijana walipiga makofi. Wazee hawakupiga. Pale ndani kulikuwa na watu watano au sita waliobeba jeneza la Kipchoge, na wote walijua ni boma gani lenye kifungua mimba wa jina hilo, na ni nani aliyevaa sweta hiyo miaka yote. Makofi yakafa. Wakamtazama yeye, kisha wakanitazama mimi. Mongina, ambaye sikuwahi kumweleza chochote, alikuwa bado anatazama maandishi, na yalipofika akasoma kwa sauti akiwa amejaa furaha, "Masese Omariba. Baba Nyambeki, si jina lako hili?"

Mama Kimutai aliweka kikombe mezani. "Chai ilikuwa mzuri, Mongina," akasema. Akatoka, na watu wakampisha.

Jumatatu Kimutai alikuja kituoni. Kikapu hakuwa nacho. Alingoja foleni iishe, akasimama upande wa pili wa mizani.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Mwaka ile ya vita."

"Ndiyo. Aliniokoa."

Kimutai si mtu wa kelele, na ningependelea anipigie kelele. "Wakati mtoto wangu alizaliwa nilienda kwa mama nikamwambia, huyu nataka tumwite Kipchoge, tumkumbuke ndugu yangu. Alikataa. Aliniambia, hiyo jina iko na mtu. Nilifikiria anasema ni ya marehemu. Kumbe ni wewe."

Nilifunga daftari la kilo.

"Na kitu ingine," akasema. "Miaka kumi na sita mama hajashika mkate ya meza ya Bwana. Wamama wa kanisa wamesema ati aliua mtu, ati alitoa mimba, ati ana mganga. Mchungaji tatu wamepita hapa, kila mmoja anamuuliza, na yeye anasema ni ng'ombe. Sasa jana wote wamejua sababu. Wamejua kwa TV, Masese. Wakinywa chai yako."

Aliondoka. Alasiri ile niliandika kilo za watu wawili vibaya, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyebisha. Hawakutaka hata kunisemesha.

Nilikaa siku nne bila kupanda mteremko. Ni aibu, naisema. Siku ya tano nilienda. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kama ulivyokuwa wazi nikiwa na miaka mitatu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anasafisha kibuyu cha mursik, ule mtindi wao wa mkaa, akiingiza brashi ya mti na kuizungusha.

"Takwenya," nikasema, kwa kuwa hicho ndicho nilichojua.

"Igo," akajibu. "Kaa chini, lakwet. Pado chai haijaiva."

Nikakaa. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yakapotea yote. "Nimekuja kuomba msamaha. Uliniambia ikae pale. Sikuiacha ikae."

"Hukuacha," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo lilinichoma zaidi. "Mchungaji alikuja juzi. Amesema ni kitu kitogo. Amesema nisimame mbele ya kanisa niseme nilitanganya, niombe Mungu msamaha, na Jumapili ya meza nitakula na wengine."

Nikaona mwanga. Nikasema haraka, "Si ufanye hivyo, mama. Hata mimi nitakuja nisimame na wewe. Ulikuwa unaokoa mtu. Mungu anajua."

Aliacha brashi. Akanitazama vile alivyonitazama siku ile ya kikapu, nilipodai nimeona jani lililokomaa.

"Wewe unafikiria ni aibu ilikuwa inanizuia?" alisema. "Kutubu ni kusema ile kitu ilikuwa uongo. Mimi nilisema wewe ni mtoto wangu. Nikitubu, nimesema wewe si mtoto wangu. Nikikataa kutubu, Kipchoge simwoni tena, si niliapa? Kila mara mkate ukipita nasema leo nitashika. Alafu nakumbuka vile ulikuwa unatetemeka ndani ya ile koti ya mzee. Naona nikishika, ni kama nimekurudisha kwa wale watu. Natoka, naenda kwa ng'ombe."

Nilitaka kusema Mungu hayuko hivyo. Sikuthubutu kumfundisha habari za Mungu mtu aliyelala na jambo hilo miaka kumi na sita, wakati mimi nililala usingizi. Mimi nilikuwa nampelekea sukari.

Chai iliiva akaitoa motoni. Akanimiminia, akajimiminia.

"Yule mama ya TV," akasema, "hakuogopa. Alisimama kama askari. Mimi magoti yangu ilikuwa inagongana. Ungewaambia hiyo pia."

"Sikuwaambia."

"Haya. Sweta ilirudi na vifungo yote." Akanywa chai. Kisha akauliza, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo tu, "Na yule mama, waliandika anaitwa nani? Bibi ya Kimutai alijaribu kunisomea lakini yale maandishi ilikimbia. Si ni wewe uliwapatia majina?"

Nilikuwa nimekaa wiki mbili na watu ambao kazi yao ni kudanganya, nikamwonyesha jasusi mzima jinsi ya kutembea na jinsi ya kusimama mbele ya mizani bila kupepesa. Nikatafuta uongo mmoja mdogo wa kumpa mama yule. Sikuupata.

"Jirani," nikasema.

"Jirani," akalirudia polepole. Akakishika kibuyu, akarudisha brashi ndani, akaendelea kuizungusha.